Kusoma joto la bahari kabla ya kupanda vuli

Mwisho wa Agosti ukifika, wateja huingia dukani kwangu, wakaegemea kaunta, wakageuzageuza pakiti za mbegu bila kununua. Najua swali linalokuja. "Mama, vuli ya mwaka huu ipo?" Nina agroveti ndogo hapa Malindi na shamba la ekari tatu na nusu kule Jilore, kwa hiyo swali lao ni langu pia. Zamani nilikuwa najibu "Inshallah" nikaishia hapo. Sasa bado nasema inshallah, lakini kabla ya kuisema huwa nimeshaiangalia bahari. Si hii ya gatini peke yake. Naiangalia mpaka Sumatra.

Nitaeleza ninavyofanya, maana hakuna siri na hakuna mashine. Unahitaji simu yenye bando, daftari, chupa ya soda ya lita mbili, na subira kutoka Juni hadi Septemba. Hiyo subira ndiyo ghali kuliko vyote.

Uliza habari za vuli, usiulize za mwaka

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye elimu zao, basi nianzie hapa.

Sisi wa Pwani tuna mvua mbili. Kuna mvua za mwaka, zile ambazo redioni huitwa za masika. Huja kusi inapoingia, Aprili, zikafikia kilele chake Mei. Hizo ndizo kubwa kwetu. Halafu kuna vuli, Oktoba mpaka mwanzo wa Desemba, kabla kaskazi haijakaza. Vuli ni ndogo, ina vishindo na mapengo, na ukienda bara kidogo, Langobaya au Chakama, ndiyo inayoamua kama mtu atakula chake au atanunua mpaka Julai.

Sasa joto la bahari, hili nitakalolieleza, lina mengi ya kukwambia kuhusu vuli. Kuhusu mwaka lina machache mno. Sababu ni ya majira: hali ya Bahari ya Hindi ninayoizungumzia huanza kujijenga Juni, hukomaa Septemba hadi Novemba, na Desemba pepo zikigeuka huvunjika. Ikifika Aprili imeshasahaulika. Ukimsikia mtu Februari akisema mvua za mwaka zitakuwa nyingi kwa sababu bahari ilichemka Novemba, mwitikie kwa adabu, lakini usimnunulie mbegu.

Karai la maji

Chukua karai la kufulia, lijaze maji, liweke juani mpaka maji ya juu yapate moto. Kisha chukua ungo, pepea juu ya maji kutoka upande mmoja. Maji ya juu, yale yenye moto, yatasogea na kujirundika upande wa pili. Kule unakopepea, maji baridi ya chini yatapanda kujaza nafasi. Tia mkono pande zote mbili utayahisi.

Bahari ya Hindi ni karai hilo. Ukingo mmoja ni sisi, mwingine ni Sumatra. Mwaka wa kawaida, majira ya vuli, kwenye mstari wa ikweta upepo huvuma kutoka kwetu kwenda kwao. Maji moto hujirundika kwao, hewa hupanda kwao, mawingu na mvua huwa kwao. Hewa iliyopanda kule lazima ishuke mahali, na sehemu kubwa ya kushukia ni huku Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka haileti mvua. Ndiyo maana vuli yetu kwa kawaida ni haba.

Kuna miaka upepo unageuka. Unavuma kutoka Sumatra kuja kwetu, kule maji baridi yanapanda, huku maji moto yanajaa, na mvua inahama pamoja na moto. Hiyo huitwa dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Kuna miaka mingine upepo wa kawaida unavuma kwa nguvu kupita kiasi, Sumatra kukawa moto zaidi na kwetu kukapoa. Hiyo ni dipoli hasi, na ndiyo inayotutia njaa. Wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao waliieleza na kuipa jina mwaka 1999, ingawa bila shaka ilikuwepo tangu majahazi ya kwanza.

Wanaipima hivi. Wanachukua eneo la magharibi, baharini kati ya longitudo 50 na 70, na eneo la mashariki karibu na Sumatra, longitudo 90 hadi 110. Kila eneo wanaliuliza: umezidi joto lako la kawaida la mwezi huu, au umepungua, na kwa kiasi gani? Kisha wanatoa la mashariki kutoka la magharibi. Jibu likipita nyuzi 0.4 na kukaa juu hapo kwa wiki kadhaa, dipoli ni chanya. Likishuka chini ya 0.4 hasi vivyo hivyo, ni hasi. Katikati, bahari haina la kusema.

Nilipomweleza mjomba wangu, mvuvi wa Mambrui wa miaka mingi, alicheka. "Mwanangu, maji ya hapa yana moto kila mwezi wa tatu, na mwezi wa nane yana baridi. Mimi natia mguu tu."

Ana haki. Maji yetu Agosti hushuka mpaka kama nyuzi 25 au 26, na Machi na Aprili hupanda kukaribia 30. Nikamwambia, "Mjomba, swali si kama maji yana moto. Swali ni kama yana moto kuliko ilivyo desturi yake mwezi huo huo. Halafu uyalinganishe na maji ambayo huwezi kuyatia mguu." Alinyamaza kidogo, akasema basi hiyo ni kazi ya wenye simu.

Kwa hiyo nawaambia wakulima: msihukumu vuli kwa joto la ufuoni. Nyuzi moja ya tofauti, mguu wa binadamu hauitambui. Bahari inaitambua.

El Nino na jina lake kubwa

El Nino ni ya Pasifiki, bahari nyingine kabisa. Maji ya katikati ya Pasifiki kwenye ikweta yakizidi kawaida yake kwa nyuzi 0.5 na kuendelea hivyo miezi, ni El Nino. Yakipungua kwa kiasi hicho, ni La Nina. El Nino mara nyingi huivuta dipoli yetu iwe chanya, na La Nina huivuta iwe hasi, ndiyo sababu jina lake linavuma hivi. El Nino hugonga mlango, ila anayefungua ni Bahari ya Hindi.

Ushahidi ni huu. Mwaka 1961 kulikuwa na mafuriko makubwa Afrika Mashariki, Ziwa Victoria likapanda, na wala hakukuwa na El Nino. Ilikuwa dipoli. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili kwa nguvu, na hiyo sote tunaikumbuka. Hata matumbawe ya hifadhi ya bahari hapa Malindi yaligeuka meupe na mengi yakafa mwaka 1998 kwa joto hilo hilo. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa kuliko nyingi tulizowahi kuziona. Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini dipoli ilipita nyuzi 2. Mwaka 2023 zilikutana tena, na Novemba barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika kwa maji. Nilikuwa na mbegu za pojo za ndugu yangu wa Mpeketoni. Zilikaa dukani kwangu mpaka msimu ukampita.

Na upande wa pili: 2010, 2016, 2021, 2022. Yote miaka ya dipoli hasi, na yote vuli zilikauka. Baada ya ile ya 2016, ukame ulitangazwa janga la kitaifa Februari 2017. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha mashariki na kaskazini mwa Kenya, bara ya Kilifi na Tana River zikiwemo.

Mimi mwenyewe nilichomwa na 2015. Kila redio ilisema El Nino kubwa inakuja, na kweli Pasifiki ilikuwa imechemka vibaya. Sikuuliza habari za bahari yetu. Nikaenda kwa muuza jumla mmoja, nikachukua mbegu za mahindi kwa mkopo, pakiti nyingi kuliko nilizowahi kuuza kwa misimu miwili. Vuli ikaja, ya wastani tu, si ile ya 1997. Dipoli ya mwaka ule ilikuwa chanya lakini dhaifu. Pakiti zilibaki rafuni, muuza jumla akakataa kuzichukua tena, tarehe ikapita. Mwaka uliofuata, kwa hasira ya hasara, nikazipanda nyingine mwenyewe Jilore, ekari tatu nzima. Ndiyo ilikuwa 2016. Nilivuna mahindi ya kuchoma, ya watoto, jioni mbili.

Wapi pa kuangalia, na lini

Juni naangalia mara moja, basi. Makisio yaliyotolewa kabla ya Juni hukosea sana, usiyajengee nyumba.

Julai na Agosti naangalia kila baada ya wiki mbili. Shirika la hali ya hewa la Australia hutoa namba ya dipoli kwenye tovuti yake, pamoja na mchoro unaoonyesha imepanda au imeshuka. Wao wanaijali kuliko sisi, kwa sababu dipoli ikiwa chanya, sisi tunalowa na wao wanaungua. Wamarekani, idara yao ya NOAA, hutoa habari za El Nino kila mwezi, na wana ramani ya dunia ya joto la bahari lililozidi au kupungua: rangi za moto ni kuzidi, buluu ni kupungua. Ramani hiyo mtoto wa darasa la nne anaisoma. Tazama kwetu, tazama Sumatra. Kwetu wekundu na kule buluu, changamka. Kwetu buluu na kule wekundu, funga mkanda. Kote wekundu, usishangilie, maana kinachovuta mvua ni tofauti.

Kila nikiangalia naandika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Namba moja haina maana. Namba nne mfululizo zinazopanda zina maana.

Mwisho wa Agosti kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, ICPAC, hukutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na kutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba. Baada ya hapo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa wake, na ofisi za kaunti huushusha mpaka kwetu. Huo ndio wa kuamulia. Mimi ramani za bahari nazitumia kuuelewa utabiri huo, sishindani nao. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, nayo hutoa taarifa ya kila mwezi ya kila kaunti kame, Kilifi na Lamu zikiwemo, yenye hali ya malisho na bei ya mbuzi. Bei ya mbuzi haidanganyi.

Utabiri utaletwa kwa asilimia, na hapo watu hupotea. Tuseme wanasema 50 juu ya wastani, 30 wastani, 20 chini. Mtu husikia "mvua kubwa inakuja". Hawakusema hivyo. Chukua kapu la embe kumi: tano zimeiva, tatu zimeiva nusu, mbili zimeoza. Ingiza mkono bila kutazama. Ukitoka na iliyooza usimlaumu aliyepanga kapu, alikwambia zimo mbili. Kazi yako ni kulima kwa namna ambayo ukiopoa mbovu hutalala njaa.

Jambo jingine: ramani ya utabiri ni pana. Ukitoka Malindi mjini ukaelekea Ganda, Jilore, Kakoneni, Langobaya, mvua inapungua kadiri unavyoipa bahari mgongo. "Wastani" wa mjini ni neema kule Chakama. Jua wastani wa kwako. Nitasema jinsi ya kuupata.

Kutoka ramani mpaka shimo la mbegu

Kabla ya yote, fanya hesabu ya siku. Sijui kwa nini hatukufundishwa hii shuleni.

Chukua mahindi ya PH4, yaliyozoea Pwani. Tuseme vuli imeanza vizuri na umepanda Oktoba 20. Mahindi hutoa mbelewele na ndevu karibu siku ya 55 hadi 60. Hesabu: Desemba katikati. Na vuli ya kawaida inakata lini? Mwanzo wa Desemba. Maana yake mahindi yako yanaoa siku ambayo maji yameisha. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa ndevu, mavuno hupungua kwa kiasi kikubwa, na hata ikinyesha baadaye, punje zilizokosa kushika hazirudi. Utaona shamba la kijani, refu, zuri la kupigia picha, ukimenya hindi unakuta meno ya mzee.

Sasa chukua kunde au pojo, ambazo wa bara huita ndengu. Zimepandwa siku hiyo hiyo. Maua siku ya 40 hivi, mwisho wa Novemba, mvua bado ipo. Siku ya 65 au 70 unavuna, Desemba mwisho, jua limewaka na unakausha vizuri. Yaani vuli ya kawaida ina ukubwa wa kunde. Haina ukubwa wa mahindi. Nimewaambia wateja hivi miaka na miaka na bado wanachukua mahindi, kwa sababu ugali ni ugali. Nami nawauzia. Lakini nimewaambia.

Dipoli chanya inarefusha msimu huo pande zote mbili, mvua huwahi kuanza na huchelewa kukata. Hapo ndipo mahindi ya vuli yanaingia akilini. Mwaka kama huo mimi hutenga ekari mbili za mahindi, moja ya kunde, nusu ya muhogo. Shamba linakuwa limeshalimwa mwisho wa Septemba, siyo linaanza kulimwa mvua ikipiga. Nafungua mitaro kwenye kona inayotuama. Kunde naziweka mwinuko, kwa sababu maji mengi huziletea ukungu na majani tele bila maganda. Na walio kando ya Sabaki, jamani, msipande mpaka kwenye ukingo wa maji mwaka wa dipoli chanya, na jenereta za kuvutia maji zipandisheni juu mapema. Mto ule hauongozwi na mvua ya Malindi. Unabeba mvua za mbali, huku kwetu anga likiwa jeupe.

Chanya ina ubaya wake na watu hawautaji. Embe. Zetu za Pwani, ngowe na boribo na dodo, msimu wake mkubwa unaanza Novemba. Mvua nyingi wakati huo huleta madoa meusi yanayoozesha tunda kuanzia nje, na mnunuzi anayekagua kwa kidole anakushusha bei mpaka unaona heri ule mwenyewe. Mkorosho nao hutoa maua tangu Agosti hadi Novemba, na maua yakilowa yanaungua. Mwaka 2019 nilivuna mahindi mazuri Jilore na nikapoteza karibu embe zote. Kwa hiyo mwenye miembe, namba ya Agosti ikipanda: pogoa ndani ya mti upepo upite, okota matunda yaliyoanguka, na zungumza na mnunuzi mapema uvune zikikomaa badala ya kusubiri ziive mtini.

Halafu mahindi ya mwaka wa mvua ndefu huvunwa yakiwa na unyevu. Usiyatie guniani. Sumukuvu, ile aflatoksini inayotajwa redioni, haiogopi kuchemshwa wala kusagwa. Anika juu ya turubai, usianike ardhini. Jaribu kwa chumvi: tia punje kavu na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa safi, tikisa, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha juani.

Dipoli hasi ni hadithi fupi. Punguza. Nusu ya shamba iache ipumzike au ipande muhogo tu. Iliyobaki iwe kunde, pojo, na mtama kidogo kama una watoto wa kuwafukuza ndege. Usikope kwa ajili ya mbegu. Chimba mashimo mapana ya kukinga maji, tia samadi, panda humo badala ya kusambaza shambani kote, maana mvua zitakazokuja zitakuwa chache na unataka kila tone likae mahali pamoja. Mwenye mbuzi wa ziada auze Septemba na Oktoba wakiwa na nyama. Januari kila mtu atakuwa sokoni, na mnunuzi ataangalia mbavu. Mwenye minazi asijidanganye kwamba ukame umempita: mnazi unachelewa kulia. Ukame wa mwaka huu utauona kwenye madafu ya mwaka ujao, tena kwa muda mrefu, hata kama mvua zimesharudi.

Na bahari ikiwa haina la kusema? Nagawa: kunde na pojo sehemu kubwa, mahindi mistari michache ya kumridhisha mume wangu.

Chupa na mkono

Utabiri wa bahari unakwambia msimu, haukwambii siku. Kila vuli ina mvua ya kudanganya: inapiga usiku mmoja, watu wanapanda asubuhi, kisha kimya siku kumi na mbili, mbegu zinaota na kufa. Siku kama hizo nauza mbegu mara mbili kwa mtu yule yule. Sioni raha.

Chukua ile chupa ya lita mbili, yenye pande zilizonyooka. Kata kichwa chake pale inapoanza kubana, kigeuze kichwa chini kiwe faneli, kirudishe juu yake. Tia kokoto chini isianguke, jaza maji mpaka juu ya kokoto, chora mstari hapo: hiyo ni sifuri. Kuanzia mstari huo bandika rula ya mtoto kwa selotepu. Ifunge kwenye mti mkavu mahali pa wazi, mbali na paa na mwembe. Kila asubuhi saa moja soma, andika, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Hiyo ndiyo itakupa wastani wa kwako, baada ya miaka michache, usiotegemea kituo cha mjini.

Mimi sipandi mpaka chupa ionyeshe milimita 20 ndani ya siku mbili. Kisha nachimba. Nachukua jembe, nachimba shimo la wima, naingiza mkono. Udongo uwe na unyevu mpaka nusu ya kigasha, kati ya kiwiko na vidole. Naukamata, naufinya: ukishika umbo na kuvunjika nikiugusa, sawa. Ukimwagika kama mchanga wa Silversands, bado. Ukitoa maji, subiri kesho. Mwisho naangalia utabiri wa siku saba kwenye simu. Vitatu hivyo vikikubaliana, napanda siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa na nina wageni.

Na mvua za mwaka?

Hapo namrudia mjomba. Yeye bado anahesabu kwa miongo, kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, kama wazee walivyohesabu, na anajua ni mwongo gani kaskazi inalegea na kusi inafuata. Hiyo inampa lini. Mimi namuongezea jambo moja tu la baharini: kukiwa na La Nina, na Pasifiki ya magharibi imebaki na joto kali mpaka Machi, mvua za mwaka za upande wetu wa Afrika hupungua, kama zilivyopungua 2021 na 2022. Nje ya hapo sitabiri mwaka. Nafuata chupa na utabiri wa wiki.

Mbegu zilizobaki vuli ikiisha, usizitupe na usiziamini. Hesabu ishirini, zifunge kwenye kitambaa kilichoroweshwa maji, weka ndani ya sahani yenye kifuniko, nyunyizia kila siku. Siku ya tano fungua. Zikiota kumi na sita au zaidi, zitumie Aprili. Zikiota kumi na mbili hadi kumi na tano, panda tatu kila shimo badala ya mbili. Chini ya hapo wape kuku, isipokuwa kama zimepakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu au kijani. Hizo zifukie mbali na kisima. Za 2015 sikuzijaribu. Nilizipanda tu.